Bega la Nesi

"Nesi, imba peke yako."

Waimbaji ishirini na sita wakamgeukia mwanamke aliyesimama katikati ya safu ya sauti ya pili.

"Mbona mimi tu, Mwalimu?"

"Nimepita mbele yako mara tatu leo. Midomo inacheza, sauti haitoki."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Elewa unavyopenda."

Mwalimu wa kwaya, ambaye mchana alikuwa fundi saa, alihisi masikio yanawaka moto. Kwa miezi minne alikuwa akimsindikiza Nesi huyu hadi kituoni kila baada ya mazoezi, na alikuwa amepanga kumweleza ya moyoni tamasha la Jumamosi likishapita. Akimwachia sasa, watu watasema anampendelea.

"Asiyeimba hapandi jukwaani," akasema.

Nesi akafunga daftari lake la nyimbo, akachukua mkoba, akatoka bila kugeuka.

Watu walipotawanyika, dada yake Mwalimu, kiongozi wa sauti ya kwanza, alimsubiri mlangoni.

"Hongera, mdogo wangu. Umemfukuza mkeo kabla hujamwoa."

"Nani kakwambia habari za mke?"

"Macho yako. Yana kelele kuliko besi zote."

Kesho yake jioni wakaanza wimbo uleule. Sauti ya kwanza ikaingia safi. Sauti ya pili ikaingia vipande vipande, kama watu wanaoshuka ngazi gizani. Mwalimu akasimamisha. Wakarudia. Akawapanga upya, akawaimbia noti yao, akawagongea mapigo juu ya meza. Mara ya saba bado vurugu tupu.

Hasira ikamwisha, udadisi ukabaki. Saa za namna hiyo alizijua: kila gurudumu zima, na bado haitembei.

"Mama Maziwa," akamwita mwuza maziwa, mkongwe wa sauti ya pili. "Hadi jana mlikuwa mnajuaje pa kuingia?"

"Tulikuwa tunaingia tu."

"Kwa kuangalia mkono wangu?"

Safu nzima ikaangua kicheko.

"Usinune, Mwalimu. Mkono wako unapunga kama unafukuza nzi. Sisi tunaangalia bega la Nesi. Likipanda, tunavuta pumzi. Likishuka, tunaimba."

"Na hamkuniambia?"

"Ulituuliza?"

Mwalimu akatoka nje na simu. Akaandika, akafuta, akaandika tena:

"Nesi, naomba dakika tano zako. Nina swali."

Jibu likaja: "Swali, siyo samahani?"

"Vyote viwili. Nianze na kipi?"

"Njoo hospitali kesho saa sita mchana, nikiwa mapumzikoni. Na ziwe tano kweli."

Wakakaa kwenye benchi nyuma ya wodi, karibu na kamba za kuanikia mashuka.

"Samahani," akasema Mwalimu. "Na swali ni hili: kwa nini huimbi?"

Nesi akalegeza kola. Chini ya koo palikuwa na kovu jembamba la mshono.

"Tezi. Waliitoa miaka mitatu iliyopita. Kuongea naongea, ila sauti ya kuimba haikurudi. Zamani nilikuwa naongoza kwaya, mahali pengine."

"Ungesema tu, Nesi."

"Ungenionea huruma. Huruma naigawa wodini kutwa nzima, sitaki kurudishiwa." Akafunga kola. "Nikisimama katikati yao, tukavuta pumzi pamoja, wimbo unanipita kifuani. Inanitosha."

Mwalimu akatazama saa yake. Kuna jambo jingine lilikuwa likimkereketa.

"Dada ananiambia unakaa mtaa wa nyuma ya ukumbi. Sasa mimi kila siku nakusindikiza kituoni uende wapi?"

Nesi akayatazama mashuka.

"Nashuka kituo kinachofuata, narudi kwa miguu."

"Miezi minne?"

"Miezi minne. Miguu imekomaa."

"Nesi, rudi kwenye kwaya. Na uwe mke wangu."

"Taratibu, Mwalimu. Ulinifukuza mbele ya watu ishirini na sita. Kaniombe mbele ya hao hao."

Mwalimu hakuwa mtu wa kukiri kosa hadharani. Miaka yake ishirini na miwili ya kufundisha kwaya ilipita bila neno hilo kumtoka. Jioni ile alisimama mbele yao, mikono hajui aiweke wapi.

"Nilikosea," akasema. "Nesi ndiye anayewaingiza sauti ya pili, na mimi sikuona. Anarudi mahali pake. Na pia... nimemwomba..."

"Sauti! Hatusikii!" besi wakapaza.

"Nimemwomba awe mke wangu!"

Shingo zote zikageuka mlangoni, alikosimama Nesi.

"Mwimbe kwanza," akasema. "Jibu Jumamosi."

Jumamosi, jukwaani, bega la Nesi likapanda. Wanawake wa safu ile wakavuta pumzi kama mtu mmoja, na sauti ya pili ikaingia bila ufa. Mwalimu akashusha mkono wake, akawaacha waimbe, akasikiliza.

Nyuma ya jukwaa hakuthubutu kuuliza. Nesi akampita kama hamwoni, akaenda moja kwa moja kwa dada mtu.

"Wifi, nishikie mkoba nivue viatu. Vimenibana."

Dada mtu akatoa macho.

"Umeniitaje?"

"Wifi. Au hupendi?"

Dada mtu akapiga ukelele mkubwa hivi kwamba watazamaji waliokuwa wakitoka walirudi kuketi, wakidhani kwaya inaanza wimbo mwingine.