Injini Isiyobembeleza

Jirani yetu Abdulswamad alikuwa mtu wa dharau. Simsengenyi, maana hata yeye mwenyewe alijisifia hivyo. Alidharau mchele wa wafanyabiashara wenzake, alidharau mabati ya nyumba zao, na asubuhi aliyokwenda kwa dalali Beno kutafuta gari la mashambani, alikwisha kudharau nusu ya magari kabla hajashuka kwenye bodaboda.

Yalibaki mawili ya kuchagua, mitumba yote, meupe yote kwa weupe uliochoka. Moja lilikuwa na injini ndogo ya silinda nne, jingine kubwa ya silinda sita. Shilinde, Msukuma mfugaji anayekaa mtaa huohuo wetu wa Viwanja Sitini hapa Ifakara, naye alikuwa pale akitafuta gari.

"Mimi hili dogo linanitosha, kaka," Shilinde alisema. "Mafuta halinywi sana, na pua yake nyepesi. Tope la huku bondeni, lile kubwa litazama kwa uzito wake lenyewe."

"Hiyo ni cherehani," Abdulswamad akamjibu. "Kashonee suruali."

Beno alicheka sana, kama dalali anavyocheka na mwenye pesa. Shilinde akanunua cherehani yake. Abdulswamad akaondoka na silinda sita, akapita sokoni mara mbili bila shida yoyote ya sokoni.

Kesho yake alilipeleka kijijini Sanje kwa mama yake, Bi Safina, pamoja na mkewe Waridi. Bibi alilizunguka gari na mkongojo wake, akalisikiliza likinguruma mpaka mwanawe alipozima.

"Shikamoo mama. Umelionaje?"

"Marahaba. Lina nguvu mno, mwanangu. Gari dogo likikwama, unashuka, unatazama umekosea wapi. Hili litakupitisha hata pale unapokatazwa."

"Mama nawe! Wewe na injini wapi na wapi?"

Bi Safina akamshika mkono. "Basi niahidi jambo moja. Siku yangu ikifika, nilaze hapahapa Sanje, ubavuni kwa Muhammad." Muhammad alikuwa mwanawe wa kwanza, aliyefariki angali kijana. "Ukinipeleka kwingine, radhi yangu huna."

"Haya, nimesikia," akasema, naye amekwisha liwasha tena, mguu kwenye mafuta ili majirani wasikie mngurumo.

Masika yale Bi Safina akafariki, alfajiri, usingizini. Wanawake wa Sanje walimwosha, wakamvika sanda, wakamlaza kwenye jeneza la msikiti. Vijana walikwisha shika majembe waende kwenye kaburi la Muhammad. Abdulswamad akawazuia. Mama wa mtu kama yeye azikwe kwenye migomba? Nani mwenye jina lake angekuja huku? Msiba ungefanyika Ifakara, penye turubai, penye wafanyabiashara wenzake.

"Aliusia," Waridi alimnong'oneza.

"Wosia wa kizee. Pakieni."

Wakapakia. Gari likatoka uani vizuri, likafika kwenye kona ya kuingilia barabara kubwa. Hapo likasimama.

Halikuzima, nisikilize vizuri. Injini ilikuwa inanguruma, gia imeingia, na ardhi ya pale ni changarawe kavu hata wakati wa mvua. Magurudumu hayakuzunguka. Gari limeshikwa tu.

Watu waliokuwa wakifuata nyuma walielewa mara moja. Jambo hili linajulikana: maiti akigoma, mtoto wake hushuka, huenda kwenye jeneza, humwambia anapelekwa wapi na kwa nini, humwomba ruhusa. Wakati mwingine hukubali. Akikataa, hurudishwa alikotoka.

Luciana, mama wa Kipogoro aliyekuwa jirani wa marehemu, alisogea dirishani. "Baba, shuka. Mbembeleze mama yako."

Shilinde, aliyekuja kuzika kwa gari lake dogo, naye akashuka. "Mwombe, kaka. Si aibu."

"Nyie washamba!" Abdulswamad alifoka. "Injini hii haibembelezi maiti. Ungebembeleza wewe mwenye cherehani."

Akaingiza gia nzito, ile ya kuvutia magurudumu yote manne. Akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ikalia. Gari likatetemeka. Waridi akafumba macho.

Huko nyuma kitu kikachanika. Taratibu, kama kanga mpya inayopasuliwa.

Gari likaruka mbele, jepesi. Abdulswamad akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Kwenye kioo alimwona Luciana ameweka mikono kichwani, anatazama pale chini gari lilipotoka, kana kwamba kuna kitu kimedondoka.

Makaburini Ifakara, wanaume waliobeba jeneza walitazamana. Abdulswamad aliingia kaburini kumpokea mama yake, kama mtoto anavyopaswa. Wakamteremshia.

Loo! Sanda ilikuwa nyepesi. Nyepesi kama mganda wa mpunga uliokwisha pigwa.

Alijua, hapohapo alijua. Kazi yake iliyobaki ilikuwa kufungua vifundo vya sanda, kichwani, kiunoni, miguuni, kisha aliweke shavu la mama yake udongoni. Mikono ilimkataa. Akainama, akajifanya anafungua. Hakufungua hata kimoja.

"Tayari," akawaambia waliokuwa juu. "Fukieni."

Na mbele ya watu wote akaitikia dua, muongo yule!

Tangu siku hiyo gari likawa zito. Lilikaa limelalia nyuma, springi zimebonyea, na ndani hamna hata kiroba. Fundi Marcelino aliingia uvunguni, akatoka haraka kuliko alivyoingia.

"Mzee, springi ni nzima," alisema kwa sauti ya chini. "Gari lina mzigo."

"Mzigo gani? Huoni ni tupu?"

"Naona," Marcelino akasema, akakusanya spana zake.

Abdulswamad akamwita mjinga. Lakini Waridi alikwisha kataa kupanda gari lile, kwa sababu nyuma palinukia marashi ya mama mkwe wake. Na yeye mwenyewe hakulala tena. Lilikuwa linamrudia neno moja tu: radhi. Mtu anaweza kuishi bila duka, bila jina. Bila radhi ya mama yake anaishije?

Mchana mmoja akaelekea Sanje, peke yake. Magari yote yalimpita barabarani. Akapitwa na bajaji. Silinda sita zinahema, gari linatambaa. Alipofika kwenye ile kona, injini ikazima yenyewe.

Safari hii alishuka.

Alipiga magoti kwenye changarawe, mbele ya mlango wa nyuma, mtu mzima, kanzu imechafuka. "Mama," alinong'ona. "Nimekukosea. Shuka, mama. Umefika."

Springi ya kushoto ikanyanyuka. Halafu ya kulia.

Mlango haukufunguka. Marashi yakampita usoni, yakaelekea migombani.

Alilia kwa furaha. Akayafuata mbio mpaka kwenye kaburi la Muhammad. Ubavuni mwake kulikuwa na tuta jipya, udongo bado una unyevu. Luciana alikuwa shambani kwake, jirani na hapo, jembe mkononi.

"Nani amechimba hapa?"

"Sisi hatujachimba, baba," Luciana akajibu. "Tuliliona tu, kesho yake ulipompeleka."

Juu ya tuta kulikuwa na vipande vitatu vya kitambaa cheupe, virefu, vyembamba. Cha kichwani, cha kiunoni, cha miguuni. Vimefunguliwa, vimekunjwa kwa kupanga kingo, vile Bi Safina alivyokuwa akikunja nguo za wanawe.

"Mama, nipe radhi," Abdulswamad alisema. Akasubiri mpaka Luciana akamwonea haya, akamwacha peke yake.

Gari halikuwaka tena. Shilinde ndiye aliyekwenda kumchukua, na cherehani ikamfikisha nyumbani bila kelele. Vile vitambaa Abdulswamad alikuwa navyo mfukoni. Usiku alivifungia kabatini. Asubuhi Waridi alivikuta mlangoni kwa nje, vimefungwa vifundo vitatu, vimekazwa, kama vile ambavyo mumewe hakuvifungua kaburini.