Maua Yaliyopita Dirisha

Jumamosi asubuhi kitalu cha miche pale njiapanda kilifurika watu. Magari yalipiga honi, wateja walikanyagana, na muuzaji, mwanamke mwenye maneno mengi hata watu wakambandika jina la Chiriku, alikuwa na mpira wa maji mkono mmoja na mkasi mkono wa pili. Alipogeuka kumjibu mteja wa nyuma, maji yakamwogesha wa mbele.

"Dada, usinimwagilie," sauti ikasema. "Mimi nimeshakua."

Alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi barabara, chini kavaa buti za mpira zenye udongo. Chiriku akacheka mpaka akasahau kuomba radhi.

Mwanamume akatoa mfukoni kamba yenye fundo. Alikuwa mtunza bustani mpya wa kituo cha tiba ya viungo, bado yumo katika miezi ya majaribio. Chini ya madirisha ya wodi palikuwa na tuta refu linalopigwa na jua kutwa, na matroni alitaka maua ya kudumu, yanayorudi kila mwaka.

"Ila yasivuke fundo hili," akasema. "Hapa ndipo dirisha linapoanzia. Wagonjwa wamelala, wanatazama getini wawaone ndugu zao wakija."

"Basi unataka macho-meusi mafupi. Njano tupu, katikati peusi kama mboni. Yanapenda jua kuliko paka."

Trei zilikuwa mbili, moja ya aina fupi, nyingine ya aina inayofika mtu kifuani. Asubuhi ileile maji yalikuwa yamefuta maandishi kwenye vibao, na miche ilifanana kama mapacha. Chiriku angeweza kusema, subiri nimwulize shangazi, kwani shangazi yake ndiye aliyekuwa mwenye kitalu. Lakini foleni ilinung'unika, na mtu huyu alimtazama kama atazamwavyo bingwa.

"Hii hapa," akasema, akigusa trei ya kulia. "Hayavuki fundo lako. Nakuapia."

Jumatatu simu ya kitalu ikalia.

"Alo, daktari wa maua?"

"Daktari yuko kazini. Mgonjwa ana nini?"

"Mgonjwa ni mimi. Silali. Kila nikifumba macho naogeshwa na mpira wa maji."

"Dawa yako iko mbali, Bwana Shamba."

"Umbali wa basi moja tu. Njoo unione ninavyopanda."

Akaenda, kavaa gauni la samawati lenye mikono mifupi na viatu visivyofaa udongo. Akamwonyesha nafasi ya kuacha kati ya mche na mche, akamkataza kumwagilia kila siku mizizi isije ikaoza, akamfundisha kukata ua lililonyauka ili jingine lichanue. Dirishani, bibi wa kitanda cha tatu, aliyevunjika nyonga, aliwatazama kwa furaha.

"Huyo anakufundisha maua au anakufundisha kucheka?" akauliza bibi.

"Vyote viwili, Bibi," mtunza bustani akajibu, masikio yakimwiva.

Bibi akacheka, kisha akarudisha macho getini. Kila siku saa kumi binti yake huja kumtembelea, na toka saa tisa bibi habanduki pale dirishani.

Wiki ya tatu, Chiriku tayari akiitwa laazizi, shangazi aliinama juu ya trei iliyobaki kitaluni.

"Mbona hizi zimejikunyata hivi? Hizi ndizo fupi. Zile ndefu ziko wapi?"

Chiriku akaikumbuka trei ya kulia.

"Umemuuzia nani? Yule wako?" Shangazi akavua miwani. "Mpigie leo, mwanangu. Mche ungali mche, unahamishika."

Akapiga. Lakini mtunza bustani akawahi kusema kabla yake. "Mpenzi, matroni kanisifu mbele ya wauguzi! Anasema tuta likichanua vizuri ananiandikia ajira ya kudumu. Nimemwambia sifa zote ni zako."

"Hongera," Chiriku akasema. Akakata simu bila kutaja trei.

Kesho yake ikawa vigumu zaidi, na keshokutwa zaidi ya hapo. Mashina yalipanda. Mwezi wa pili yakapita fundo, na mtunza bustani akapima kwa kamba mara tatu, akakuna kichwa.

"Chiriku wangu, nimekosea wapi?"

Hapo ndipo Chiriku alipofanya jambo ambalo baadaye, akilikumbuka, uso ulimwaka hata akiwa peke yake chumbani. Alisema, "Labda umezidisha mbolea."

"Nilijua!" Mwanamume akajipiga paja. "Nilitia viganja viwili badala ya kimoja. Pupa yangu hii!"

Maua yakachanua, nayo, kusema kweli, yalipendeza, njano kama moto, yamejaa nyuki. Wapita njia walisimama kuyatazama. Ndani ya wodi, bibi wa kitanda cha tatu aliona mabua na majani tu. Mvua moja ya mchana ikayalaza yaliyo mbele juu ya njia ya viti vya magurudumu, na yaliyo nyuma yakabaki yameziba kioo. Siku hiyo binti wa bibi alifika, akakaa dakika tano akizungumza na muuguzi pale getini, akimpungia mama yake mkono. Bibi hakumwona. Binti alipoingia ndani akamkuta analia, akidhani leo ametelekezwa.

Matroni akatoka barazani, wauguzi nyuma yake.

"Nilikuomba kitu kimoja tu. Kimoja! Yang'oe yote. Na ile barua ya ajira, sahau."

"Kosa ni langu, Mama Matroni," mtunza bustani akasema, kofia mkononi. "Nilizidisha mbolea."

Chiriku, aliyekuja kumtembelea, alikuwa amesimama hatua nne kutoka pale. Akatazama viatu vyake. Hakusema kitu.

Kesho yake mwanamume alikuja kitaluni, akamwamkia shangazi kwa adabu. "Shikamoo, Mama. Nimekuja unifundishe kipimo cha mbolea, nisirudie kosa."

"Mbolea?" Shangazi akashangaa. "Mbolea gani, mwanangu? Ulipewa trei siyo. Kumbe hakukwambia? Yapata miezi miwili sasa!"

Mwanamume akageuka polepole.

"Ulijua?"

"Nilitaka kukwambia..."

"Trei ningecheka. Nani hachanganyi trei? Lakini jana ulinitazama nikijishusha mbele ya watu wote, na mdomo unao."

Akaondoka. Chiriku akapiga simu mara kumi na moja. Haikupokewa. Akaandika ujumbe, akafuta, akaandika tena. Siku tisa alizungumza na wateja akiwa kainamisha kichwa, na shangazi hakumwonea huruma. "Kuliandika kwenye simu ni rahisi," alisema. "Aliaibika hadharani. Wewe nenda kaaibike hukohuko."

Akaenda. Wodi ilikuwa imejaa, ni saa ya wageni. Alisema yote mbele ya wote, trei, kibao kilichofutika, miezi miwili, na mbolea ambayo haikuwa na hatia. Matroni akamwangalia kutoka kichwani hadi miguuni.

"Kumbe yule mtu wa watu nimemfokea bure."

"Ndiyo, Mama."

"Ndiye wewe uliyenizibia dirisha?" bibi wa kitanda cha tatu akauliza.

"Ndiye mimi, Bibi. Nisamehe."

"Sisamehi mpaka nione geti."

Siku mbili Chiriku aling'oa mabua yaliyokuwa bado hayajang'olewa, malengelenge yakimtumbuka viganjani. Shangazi alikubali yang'olewe mashina yake ya zamani ya aina fupi, kila shina likagawanywa vipande vitatu vyenye mizizi. Siku ya tatu, akiwa amepiga magoti kwenye jua kali, akasikia jembe likikata udongo upande wa pili wa tuta. Hakuthubutu kuinua macho. Wakapanda, yeye huku, mwanamume kule, mpaka ikabaki nafasi ya miche miwili.

"Matroni ameniongezea miezi mitatu ya majaribio," hatimaye mwanamume akasema. "Ameniambia ulivyosimama wodini."

"Nilichelewa."

"Sana." Akafukia mche mmoja. "Liko jingine ulilonificha?"

Chiriku akasawazisha udongo kwa kiganja. "Nilikwambia nina miaka ishirini na sita. Nina thelathini na moja."

Mwanamume akamkodolea macho. Kisha, kwa kinyongo, kama mtu anayelazimishwa, akacheka.

"Jumapili nakuja kwa shangazi yako," akasema. "Na mjomba wangu."

Chiriku akaacha kusawazisha udongo. Mjomba wa mtu haletwi kununua miche.

"Yaani umenisamehe?"

"Sijasema nimekusamehe."

"Najua. Bado naona haya hata kukutazama."

"Basi usinitazame. Panda." Akamsogezea mche wa mwisho. "Nimesema nakuja."