Maji ya Majivu

Kila jioni Wangoi alitoka shuleni, akavua sare, akachukua debe lake na kwenda kupanga foleni bombani. Hiyo ilikuwa Kawangware, mwaka wa sabini na sita. Baba yake, Mzee Gachanja, alikuwa na ploti yenye vyumba vya mabati, na wapangaji wake walitoka kila pembe ya nchi. Chumba cha mwisho kilikaliwa na Khamala, fundi wa vitanda, pamoja na binti yake Nasipwondi. Nasipwondi na Wangoi walikalia dawati moja darasa la sita.

Wangoi aliporudi na maji hakuwa na hamu ya kukaa mezani. Tangu nyanya yake, aliyemwita Cucu, afariki, chakula cha nyumbani kilikuwa kimebadilika. Cucu alipika githeri laini ya mahindi na maharagwe, maharagwe yakipasuka yenyewe mdomoni, na ilikuwa na ladha fulani ambayo Wangoi hakujua jina lake. Ilipokuwa ikitokota, Cucu alinyoosha miguu mkekani akasuka kiondo na kuimba kwa sauti ndogo. Sasa mama yake Wangoi, Waruguru, alishinda dukani na kupika kwa haraka.

"Mama, mahindi haya ni magumu."

"Una meno ya nini? Tafuna."

Mwezi wa nne, Khamala alimleta mama yake kutoka Bungoma. Nasipwondi alimwita Kukhu, yaani nyanya. Kukhu alijua Kiswahili kidogo tu. Alikaa mlangoni akisuka vikapu vya matete, na kila mtu aliyepita alimpungia mkono.

Lakini Wangoi alianza kuona mambo. Kukhu aliokota maganda ya maharagwe kwa akina mama wa sokoni, akayaanika nyuma ya nyumba, kisha akayachoma. Juu ya moto hapakuwa na sufuria wala chungu. Moto ulipozimika, alizoa majivu yote kwa uangalifu, akayatia kwenye mkebe uliotobolewa chini, akayamwagia maji. Maji yalidondoka kwenye bakuli, tone baada ya tone, yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Wangoi alipokaribia, Kukhu aliufunika mkebe upesi na kumfukuza kwa mkono. Baadaye aliyatia maji yale kwenye chupa, akaingia nayo ndani.

Bombani, Wangoi alimnong'onezea Chege, mwanafunzi mwenzake.

"Ala! Hiyo ni dawa," Chege alisema kwa sauti kubwa. "Siku moja utaamka uko na manyoya kama kuku."

"Wacha mchezo."

"Mchezo gani? Wewe umeona nani akichoma maganda bila sufuria?"

Wanawake waliokuwa mbele yao kwenye foleni waligeuka. Mmoja aliuliza, "Nani huyo? Yule mzee wa kwa Khamala?" Foleni nzima ilikuwa imesikia.

Tangu siku hiyo Wangoi alimchunguza Kukhu kama paka anayevizia shimo la panya. Ndipo Nasipwondi akamwita, "Njoo ule. Kukhu amepika."

Wangoi aliingia kwa wasiwasi. Alichungulia chunguni, akaona mahindi na maharagwe tu. Alipoonja kijiko cha kwanza, alishtuka. Ilikuwa githeri ya Cucu! Ulaini ulikuwa ule ule, na ladha ile ile isiyo na jina. Cucu alikuwa amezikwa Kiambu. Huyu mzee wa Bungoma, ambaye hawakuwahi hata kuonana, aliipata wapi ladha yake? Wangoi alimaliza sahani nzima, kisha akaogopa kwamba ameimaliza.

Kesho yake, wakitoka shuleni, yeye na Chege walipenya ua wa jirani yao mkali, Mzee Waithaka, na kula mapera mabichi mpaka meno yakafa ganzi. Jioni tumbo lilimkaza, akajikunja kitandani.

"Umekula nini?" Waruguru aliuliza.

Wangoi alifikiria mapera. Akaifikiria na fimbo ya Mzee Waithaka.

"Jana nilikula kwa kina Nasipwondi," alijibu. "Mama, yule nyanya ana chupa." Akaeleza yote: moto, majivu, maji ya kahawia na ile ladha ya Cucu. Kuhusu mapera hakutamka neno.

Waruguru alitoka nje huku akifunga leso. "Baba Wangoi! Unajua ni nani umemweka kwenye ploti yako?"

Asubuhi, Mzee Gachanja alimwambia Khamala ahame kabla ya Jumamosi.

"Mzee, mama yangu hajamdhuru mtu," Khamala alisihi. "Nitapata wapi chumba? Nitalazimika kurudi Kibera kulala sakafuni kwa ndugu yangu, na mama nimrudishe kijijini. Na shule ya huyu mtoto je?"

"Nimesema Jumamosi."

Shuleni, Nasipwondi alihamia dawati la nyuma. Wakati wa mapumziko alimjia Wangoi, macho mekundu. "Tulikula chungu kimoja. Mbona mimi tumbo halikuniuma?"

Kwa kweli hata Wangoi hakuwa na hakika. Ilikuwa mapera au chupa? Alimtafuta Chege, akamkuta ameegemea ukuta, akamtajia mapera.

"Usiniulize mambo ya mapera tena," Chege alisema. "Usiku ule nilikesha chooni. Baba alidhani nimehamia huko."

Chege hakuwahi kuonja chakula cha Kukhu.

Jumamosi ilipofika, kitanda cha Khamala kilikuwa nje, kimefunguliwa vipande. Kukhu aliketi juu ya sanduku, vikapu vyake vimefungwa kwa kamba. Majirani walisimama kando wakitazama. Mzee Gachanja alikuwa na kufuli mkononi.

"Baba," Wangoi aliita. "Ni mapera. Nilikula mapera mabichi kwa Mzee Waithaka. Chege pia, na yeye tumbo lilimuuma."

Gachanja aligeuka polepole. "Na mbona hukusema?"

"Niliogopa kuchapwa."

"Basi hiyo chupa ni ya nini?" Waruguru aliuliza, bado amekunja uso. "Mtu hafichi chupa bila sababu."

Nasipwondi alimweleza Kukhu kwa Kibukusu. Kukhu aliinuka, akaitoa chupa, akajidondoshea tone moja kiganjani na kulilamba. Kisha akamnyooshea Gachanja. Gachanja alisita, akachovya ncha ya kidole, akaonja.

"Mama Wangoi," alisema hatimaye, "hii ni kama magadi. Si unakumbuka mama yangu alivyotia magadi kwenye githeri? Alinituma sokoni kuyanunua nikiwa mdogo."

Waruguru alionja pia. "Ni kweli," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi niliacha kuyatia. Nilidhani hakuna atakayejua tofauti."

"Kwetu ni musherekha," Khamala alieleza. "Ni chumvi ya majivu. Inalainisha maharagwe na mboga kama mrenda. Mama huifunika ili kuku wasiimwage, na huwafukuza watoto isije ikawaingia machoni. Inawasha sana."

Kukhu alimtazama Wangoi. "Wewe toto," alisema kwa Kiswahili chake, "wewe ona kitu hujui, uliza. Mimi mzee. Mimi si kiziwi." Watu walicheka, hata Nasipwondi, ingawa alikuwa bado anafuta machozi.

Gachanja alitia kufuli mfukoni. "Khamala, nisamehe. Nilipaswa kukuuliza kwanza." Akashika upande mmoja wa kitanda kusaidia kukirudisha ndani. Waruguru alimshika Kukhu mikono yote miwili na kumwomba radhi.

Kisha akamgeukia binti yake. "Chukua debe."

"Lakini maji yapo, Mama."

"Hatuendi kuchota maji, debe ni la kupanga foleni tu. Nimesikia kwa wanawake kwamba ulilianzisha jambo hili bombani, basi utalimaliza huko huko. Halafu tutapita kwa Mzee Waithaka."

Bombani foleni ilikuwa ndefu. Wangoi alisema yote huku akitazama vidole vya miguu yake: moto, chupa, mapera. Wanawake walisikiliza. Wachache waliona haya.

Njiani Waruguru alimwambia, "Uliponijibu kitandani, kila neno lilikuwa kweli. Ulikula kwa kina Nasipwondi, na chupa ipo. Lakini ulinipa nusu moja ya ukweli, ukaficha nusu nyingine, na kwa nusu hiyo mimi nikakaribia kumtupa nje mzee wa watu. Nusu ya ukweli inaweza kuumiza kama uongo mzima, Wangoi. Mtu akikuuliza, mpe yote, hata kama kiboko kinakungoja."

"Nimesikia, Mama."

"Haya, piga hodi. Mlango wa Waithaka ndio huu."