Boti Isiyo na Tezi

"Nani wa mwisho?"

Ndivyo walivyojuana, kwenye foleni ya mkate katika barabara ya Calle Medio, enzi zile ambazo mji mzima wa Matanzas ulikuwa kwenye foleni moja au nyingine. Idalmis aligeuka, gauni lake la manjano likang'aa juani, vifungo vyake kila kimoja na rangi yake. Aliyeuliza alikuwa kijana mrefu, magamba ya samaki yamemganda shatini.

"Mimi wa mwisho," alijibu.

"Basi niko nyuma yako. Usipotee, mama. Ukipotea wewe, na zamu yangu imekwenda."

"Na nikihama foleni?"

"Nitakufuata hata kwenye ya mafuta ya taa."

Bibi aliyekuwa mbele yao akaangua kicheko. "Binti, mshike huyo! Wangu hakunifuata hata kwenye foleni ya nyama."

Kijana jina lake Osmany. Jumapili hiyo alimpeleka mto San Juan, chini ya daraja, kumwonyesha boti yake ya kuvulia. Idalmis aliizunguka kwa macho, akaduwaa.

"Mbele yake ni wapi?"

"Unakotazama."

Babu yake Osmany aliiagiza kwa seremala mwaka hamsini na moja, kwa kuwa gati lao lilikuwa jembamba na mzee hakuwa na subira ya kugeuza. Ikatoka na omo, yaani pua, huku na omo kule; tezi, ile sehemu ya nyuma, hakuna. Injini ilikaa katikati, na kila upande una usukani wake na kiti chake, viti vyenyewe vimepeana mgongo kama mume na mke walionuniana. Nyingine ya namna hiyo haikuundwa tena. Injini ya kwanza ilikufa zamani; sasa ilinguruma ya gari la Lada, ikikohoa kama mvuta sigara.

"Juzi mtu alitaka tubadilishane kwa Moskvich nzima," Osmany alisema.

"Ungekubali, mpumbavu wee! Leo ningepanda gari."

"Gari lina nyuma. Mimi kitu chenye nyuma sikitaki."

Idalmis alicheka hadi akapaliwa na maji ya muwa. Kiangazi chote kikaisha wakiwa botini, yeye akichambua uduvi wa chambo, Osmany akiimba vibaya kwa makusudi.

Kisha ikaja simu. Mtaani kwao simu ilikuwa moja tu, kwa Nereida, na Nereida alikuwa na masikio ya kazi.

"Shoga, mimi si mmbea," alianza, "ila simu ni yangu na sebule ni yangu. Dada yake Osmany kapiga kutoka Tampa, ng'ambo ya bahari. Nimemsikia Osmany akisema, 'Ijumaa.' Akasema, 'Na boti.' Halafu, 'Nakuja, dada.'"

Idalmis alingoja aambiwe. Alhamisi Osmany alikuja, akala wali na maharage meusi, akasifu, hakusema kitu. Akiondoka alimbusu kwenye paji la uso, kama mtu anavyombusu nyanya yake.

Ijumaa asubuhi Idalmis alikwenda ufukweni. Boti ilikuwa mbali, mdomoni mwa ghuba, omo yake imeelekea kaskazini, njia ya Tampa. Hakungoja kuona kama inakua au inapungua. Alirudi nyumbani, akavua lile gauni la manjano na kulisukuma uvunguni.

Kufika mchana, sauti ya Nereida ilipasua mtaa: "Idalmis! Simuuu!"

Alikimbia na vibiringishio vyake vya nywele kichwani.

"Uhai wangu," simu ilisema.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Mbona unasikika karibu hivyo? Tampa kukoje?"

"Tampa? Niko kwa kinyozi hapa darajani, na ananitolea macho anataka simu yake."

"Usinidanganye! Nimekuona mimi. Omo ilitazama kaskazini!"

"Na ile nyingine, mpenzi, ilitazama wapi?"

Idalmis akajigonga paji la uso. Kiangazi kizima ameikalia boti ile! Lakini Osmany naye hakucheka.

"Hukukosea sana," alisema taratibu. "Njoo."

Alimkuta amekaa botini. Akaingia, akamgeuzia mgongo kwenye kiti cha pili, mikono kifuani.

"Ulikuwa unakwenda."

"Nilikuwa nakwenda."

"Bila hata kwaheri!"

"Ningekuaga ungelia, na ukilia siendi. Nilitaka kujua mwenyewe kama naweza." Alivuta pumzi. "Nilifika nje kabisa, mji umebaki mstari. Boti nyingine ningelazimika kuigeuza, na katikati ya kugeuza mtu hubadili mawazo. Hii nilisimama tu, nikahamia hapo ulipokaa. Mji ukawa mbele yangu."

"Na dada yako?"

"Nitampigia kwa Nereida. Mtaa mzima utasikia, sitakuwa na kazi ya kurudia."

Idalmis alikaza midomo asicheke. Maji yalipiga ubao. Nyuma yake, sauti ya Osmany ikaja ndogo, ya mtu aliyechelewa na anayeogopa kuambiwa mkate umekwisha:

"Nani wa mwisho?"

Alimwacha angoje kidogo. Alistahili kungoja.

"Mimi," alisema. "Na baada yako wewe, foleni imefungwa."

Sasa ile injini ya Lada nayo imekufa, na boti inalala gatini, rangi inabanduka. Hawajaibadilisha kwa kitu chochote. Wakigombana wanashuka mtoni, kila mmoja anakalia kiti chake, mgongo kwa mgongo, huyu anatazama daraja, yule bahari. Wanakaa hivyo mpaka mmoja wao achoke, aulize nani wa mwisho.