Ramani Mbili Ndani ya Gari Moja

SAA 2:15 ASUBUHI

Komeo aliweka kopo tupu la rangi katikati ya meza.

"Simu," alisema. "Zote."

Chumba kilikuwa nyuma ya karakana ya kuziba pancha. Hakikuwa na dirisha, na kilinuka mpira ulioungua. Watu wanne, viti vitatu. Nyundo alikuwa wa kwanza kutupa simu yake koponi, kisha akarudi kukaa juu ya matairi na kuendelea kuisugua bastola kwa kitambaa. Hakuwa mtu wa maneno. Kazi yake ilikuwa kuumiza watu, na aliipenda kuliko inavyofaa.

Gia akatoa yake. Yeye alikuwa dereva. Miaka kumi na moja hakuwahi kushika silaha kazini, alishika usukani tu, na kwa hilo alijidanganya kuwa bado ni mtu mwema kidogo.

Aliyebaki ni shemeji yake, ndugu wa mkewe, baba mmoja mama mmoja. Walimwita Chaji kwa sababu popote alipoingia alitafuta soketi kwanza, salamu baadaye. Alikuwa akisambaza vifurushi kwa pikipiki mpaka Gia alipomwita kwenye kazi hii, na ramani ya simu ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

"Bosi, huu mji hatuujui," Chaji alisema. "Bila simu tunatokaje?"

Komeo alifungua droo akatoa kifaa cha GPS, kile cha kubandika kwenye kioo cha gari, kipana kama kiganja. "Na hiki."

"Ramani yake ina umri gani?"

"Miaka miwili."

"Miaka miwili! Simu inajua foleni ya sasa hivi. Inajua njia iliyofungwa leo asubuhi. Hicho kitakuingiza shimoni halafu kikwambie umefika."

"Na simu inakujua wewe," Komeo alijibu taratibu. "Kila ukipita mnara inapiga hodi. Kesho mpelelezi anakunywa chai yake, anaona simu nne zimeamka karakana moja, zimepita palipoporwa gari, zimelala mahali pamoja. Hiki kinasikiliza setilaiti tu, hakimjibu mtu. Hakina laini, hakina bando, hakina umbeya. Na huko vilimani tunakoelekea, mtandao wenyewe wa kubahatisha."

Gia alikubali moyoni. Aliwajua watu watatu waliokuwa gerezani kwa sababu ya simu zao wenyewe.

Komeo alikiwasha. Sauti ya mwanamke, ya upole isiyo na haraka, ikasema inatafuta mahali ilipo. Nyundo akacheka puani. "Bi Mkubwa huyo."

"Basi simu yangu ni bi mdogo," Chaji alisema. "Ndiye anayejua habari za mjini."

Walicheka, kisha Komeo akaeleza mpango. Gari la wanunuzi wa dhahabu lingetoka saa sita na nusu kwenda uwanja wa ndege. Dereva na mlinzi mmoja. Nyuma ya kinu cha unga palikuwa pakichimbwa mtaro wa maji, njia imebaki moja, lazima lipunguze mwendo. Gia angeziba mbele. Nyundo na Chaji wangeshuka. Dakika mbili, bila damu. Halafu kiwanda cha mbao, nje ya mji, kulikokuwa na gari jingine.

"Safari nimeshaiweka humu mwenyewe," Komeo alimaliza. "Gia, wewe msikilize Bi Mkubwa tu."

Chaji alitupa simu koponi. Gia peke yake ndiye aliyeona kuwa ni ile ya zamani, iliyokufa mwezi uliopita. Nzima ilikuwa ndani ya soksi.

Angeweza kusema. Lakini alimkumbuka mkewe alfajiri ile, amesimama mlangoni na kanga mabegani. "Umemtoa ndugu yangu kwenye kazi yake ya halali," alimwambia. "Haya. Utarudi naye. Ukirudi peke yako, usigonge huu mlango." Nyundo angemvunja Chaji vidole kwa ajili ya ile simu. 

SAA 6:41 MCHANA

Gari jeupe lilikata kona ya kinu. Wachimba mtaro walikuwa wameenda kula, wameacha sururu zao juu ya kifusi. Gia alitoka uchochoroni akalisimamisha gari lake pua kwa pua na lile jeupe.

Nyundo alishuka gari likiwa bado linateleza. Akavunja kioo cha mlinzi kwa kitako cha bastola, akamvuta nje kwa ukosi wa shati. Mlinzi alikuwa mtu mzima, ndevu zimeanza mvi. Alilala chini bila kuambiwa, mikono kisogoni. Dereva wa gari jeupe alimpa Chaji funguo mwenyewe, zikamponyoka mara mbili.

Sanduku lilikuwa dogo, lakini zito kama jiwe la kusagia. Gia alishuka kusaidia. Alipofungua buti la gari lao akakuta makoleo mawili mapya, bado yana karatasi ya dukani kwenye mpini.

"Ya nini haya?"

"Tukikwama kwenye matope," Komeo alisema kutoka kiti cha mbele.

Mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima. Gia hakupata nafasi ya kuliwaza hilo, kwa sababu mlinzi aliinua kichwa kidogo, labda shingo imemuuma tu, na Nyundo akampiga risasi ya kisogoni. Halafu akampiga ya pili. Dereva alianza kukimbia kuelekea mtaroni, viatu vinamvuka. Nyundo akamlenga bila pupa, akamwangusha.

Chaji alitapika pembeni ya tairi. Gia alimshika kiunoni akamsukumia ndani ya gari. 

"Tulisema bila damu," alisema akitia gia.

"Endesha," Komeo alisema.

SAA 6:49 MCHANA

Bi Mkubwa aliwatoa mjini kwa adabu zake zote. Kulia baada ya mita mia mbili. Kushoto. Kushoto tena. Nyuma yao ving'ora vilianza kulia, bado mbali.

Kisha akasema wanyooke mita mia nane, na mbele hapakuwa na pa kunyooka. Palikuwa na ukuta mpya wa matofali umekata barabara yote, na bango la kampuni ya ujenzi. Gia alikanyaga breki mpaka paji la uso la Komeo likagonga kioo.

"Endelea mbele," alisema Bi Mkubwa.

Ving'ora vilisogea. Nyundo akatukana. Chaji akainama, akatoa simu kwenye soksi na kufungua ramani.

"Rudi nyuma, shemeji. Mageti mawili, halafu kulia. Kuna njia nyuma ya maghala."

Komeo aligeuka akaitazama ile simu. Mshipa ulimcheza shavuni, lakini polisi walikuwa wamekaribia, akamwashiria Gia arudi nyuma. Gia alirudi kinyumenyume, akaingia kulia, akapita kati ya kuta mbili zilizokwangua vioo vya pembeni. Dakika tatu baadaye walikuwa kwenye barabara ya vumbi inayopanda vilimani, na ving'ora vimebaki bondeni.

"Bi mdogo," Chaji alisema, na akajaribu kutabasamu. "Nimeandika kiwanda cha mbao. Mtandao bado upo. Dakika sita. Kata kushoto pale kwenye mnazi uliokatika."

"Nyooka," alisema Bi Mkubwa, baada ya kujipanga upya. "Umebakiza dakika kumi na tisa."

"Fuata kifaa," Komeo alisema.

Gia aliupita ule mnazi. Dakika sita na dakika kumi na tisa. Ramani ikizeeka hukosea njia, hilo wameliona ukutani. Lakini njia ya kushoto ilikuwa pale pale kwenye kioo cha Bi Mkubwa, nyeupe, imechorwa vizuri. Bi Mkubwa aliijua na hakuitaka. Gia alinyoosha kidole kama mtu anayefuta vumbi, akaipunguza picha mpaka ukaonekana mwisho wa safari. Bendera ndogo nyekundu, juu ya eneo la kijivu. Machimbo ya kokoto. Barabara iliishia hapo hapo, haikuendelea popote.

 Kiwanda cha mbao walikiacha nyuma. Kumbe simu hazikukusanywa kwa sababu ya polisi. Zilikusanywa ili asiwepo mwingine garini anayejua wanakokwenda. Na makoleo yalikuwa mawili, moja la Komeo, moja la Nyundo, ya kuwafukia yeye na Chaji.

"Shemeji, umeona?" Chaji alikuwa bado anabishana na simu yake, hajaelewa kitu. "Hiki kimama kimepotea. Kinatupeleka—"

Nyundo alimnyang'anya simu, akaipiga mara tatu kwenye chuma cha mlango mpaka ikafunguka matumbo, akaitupa nje.

"Nilisema zote," Komeo alisema bila kugeuka. Bastola yake ilikuwa imeshatoka kiunoni na kulala pajani, mdomo unamtazama Gia.

SAA 7:02 MCHANA

Zilikuwa zimebaki kilomita sita. Gia aliendesha kama anapeleka maharusi. Alijua hawezi kushindana na bastola mbili. Alichokuwa nacho ni usukani na mguu wa kulia.

Kwenye mteremko aliona matawi mabichi yamepangwa barabarani. Mbele yake lori la mchanga, limeharibika, limeegeshwa upande wa kushoto. Dereva wake na utingo walikuwa wamekaa mbali, kivulini kwenye kichaka.

"Shemeji," Gia alisema. "Funga mkanda."

"Sasa hivi?"

"Dada yako kaniagiza. Funga."

Nyundo aliangua kicheko. Hata Komeo alitabasamu. Mlio wa mkanda wa Chaji ukasikika nyuma, na Gia akakanyaga mafuta mpaka chini.

Komeo alielewa mita thelathini kabla. Alifyatua, risasi ikamchana Gia paja na kutoboa mlango wake. Gia aliingiza ubavu wote wa kushoto chini ya kitako cha lori.

Kilichobaki cha Komeo hakikuwa cha kutazamwa mara mbili. Gia alikuwa hasikii, mbavu zinachoma, mdomo umejaa damu na vioo. Alijifungua mkanda. Nyuma, Nyundo alikuwa amebanwa miguu na kiti, taya imekaa upande, lakini mkono wake ulikuwa mzima. Alifyatua mara mbili tumboni kwa Chaji, kwa karibu, bila hasira yoyote usoni.

Gia aliipata bastola ya Komeo chini miguuni. Hakulenga. Alifyatua mpaka ikaacha kulia.

"Shemeji," Chaji alisema. Alikuwa anajishika tumbo kwa mikono miwili. "Shemeji, baridi."

Dereva wa lori alikuwa amesimama barabarani, amekodoa macho. Gia alimwelekezea ile bastola tupu. Machozi yalikuwa yanamtoka, hata hakuyaona.

"Hospitali. Iko wapi? Niambie kaka, nakuomba."

Yule mtu alimweleza kwa mkono. Teremka, vuka daraja la chuma, shika kulia kwenye tangi la maji, geti la bluu. Yeye na utingo wake wakasaidia kulikokota gari kutoka chini ya lori na kuzilaza maiti mbili kando ya barabara. Liliwaka mara ya tatu.

SAA 7:31 MCHANA

Geti la bluu lilikuwepo. Walimpokea Chaji kwa machela mbio, na muuguzi akamkuta Gia ameegemea ukuta wa ukumbi.

"Wewe ni nani wake?"

Mlango wa nje ulikuwa wazi. Gari lilikuwa linanguruma uani, dhahabu imo kwenye buti, na hakuna polisi hata mmoja aliyekuwa amefika. Angesema ni msamaria aliyemwokota njiani. Kila mtu angemwamini.

"Shemeji yangu. Mdogo wa mke wangu."

"Amemwaga damu nyingi na akiba yetu imekwisha. Wewe ni kundi gani?"

"O."

"Umeumia?"

"Hapana," Gia alisema, na akalibana paja ili lisidondoshe damu sakafuni.

SAA 7:48 MCHANA

Waliingia askari wanne, bunduki mbele. Walimkuta amelala juu ya kitanda chembamba, mpira umetoka kwenye mkono wake wa kushoto kwenda kwenye mfuko uliojaa nusu. Mkubwa wao alitoa pingu.

Gia alimnyooshea mkono wa kulia, mwenyewe.

"Huu chukua," alisema. "Wa kushoto nisubiri, afande. Mfuko ujae kwanza."

Askari alimtazama muuguzi. Muuguzi alitazama mlango wa chumba cha upasuaji, akasema bado anapumua. Afande akaifunga pingu moja mkononi kwa Gia, ya pili kwenye chuma cha kitanda, akavuta kiti na kukaa kusubiri.