Bei ya Mpakani

Mzee Viwango alikutwa amelala kifudifudi kati ya meza na rafu ya magazeti, kisogo kimepasuka. Aliyemkuta ni mpangaji wake, aliyekuja asubuhi kuazima ngazi.

Inspekta alikizunguka chumba mara kadhaa bila kugusa kitu. Sajenti wake alizoea kusema kwamba viti vya kituo havijui uzito wa mama huyu, kwa jinsi alivyokuwa hatulii.

Daktari alieleza kwamba mzee alipigwa pigo moja tu, kutoka nyuma, jana yake alasiri. Silaha ilikuwa sakafuni: kipande cha chuma ambacho marehemu alikandamizia karatasi zake. Kilikuwa kimefutwa alama za vidole. Mlango haukuvunjwa. Mezani palikuwa na bilauri mbili za maji, na kilichokosekana ni kompyuta ya marehemu peke yake.

"Mgeni alikaribishwa," alisema Inspekta. "Akapewa maji, kisha mzee akampa mgongo. Humpi mgongo mtu unayemwogopa."

Marehemu alikuwa mtakwimu wa benki. Baada ya kustaafu aliendelea kukusanya viwango vya kubadilisha fedha ya nchi yake na ya nchi jirani, vya benki na vya mtaani, tangu enzi zile pesa inashuka thamani kabla hujafika nayo sokoni. Ndiyo maana mahakama ilimwita. Kesho yake angetoa ushahidi katika kesi ya nyumba, baina ya kaka na dada wa tumbo moja.

Kaka alifanya kazi ng'ambo ya mpaka miaka mingi. Kila alipopata, alimpa shemeji yake, dereva wa lori, fedha za kule apeleke nyumbani dada ajenge. Sasa kaka alidai nyumba yote ni yake. Dada alikula kiapo kwamba fedha za kaka zilifika nusu tu, na nusu nyingine ni jasho la mumewe. Walikuwa hawasalimiani hata msibani.

Kaka alikuwa amesikika mahakamani akifoka kwamba mzee amehongwa. Kufika mchana alikuwa mahabusu, na mkuu wa kituo alishapiga simu mara mbili akitaka jalada lifungwe. Inspekta alimjibu vizuri, akachukua funguo za gari. Bilauri zile hazikumpa raha.

Alikwenda kwenye nyumba yenyewe. Dada mtu alimkaribisha, akaongea sana: jinsi mumewe alivyojinyima, jinsi alivyomletea mshahara wake mkononi kila safari, huku kaka mtu akituma vijisenti na kujiita mwenye nyumba. Mumewe, yule dereva, alikaa pembeni, akiuzungusha mkufu wa saa yake. Aliulizwa jana alikuwa wapi, akasema gereji.

Inspekta alisimama dirishani.

"Zile fedha za shemeji yako ulikuwa unazibadilisha wapi?"

"Benki ya mpakani. Siku zote benki."

"Hata mwaka ule pesa yetu ilipoporomoka? Nimesikia mtaani walikuwa wanatoa mara mbili ya benki."

"Mara tatu," alisema dereva.

Mkewe alimgeukia taratibu. "Wewe ulijuaje?"

Dereva alisema madereva husikia mengi. Lakini jasho lilikuwa limeshamtoka, na Inspekta alikuwa ameshapiga simu kuomba hati ya upekuzi. Jioni ile Sajenti aliikuta kompyuta chini ya kiti cha lori, imeviringishwa kwenye ovaroli.

Katika chumba cha mahojiano dereva aliomba maji, akashindwa kuyanywa.

"Ulikwenda kwake?"

"Aliniita mwenyewe. Alitaka kujua nilikuwa nabadilishia wapi, amalize hesabu zake."

"Ukamwambia?"

"Alishajua. Alisema kwa bei ya mtaani, fedha za shemeji zilitosha nyumba nzima, mpaka rangi. Nikamsihi aseme bei ya benki tu. Akasema atazisema zote mbili, mahakama ichague. Akainuka kunitafutia gazeti la mwaka ule nijionee."

"Ile ziada uliifanyia nini?"



"Sikuila. Nilimpa mke wangu yote. Nilimwambia za kaka yake ni zile za bei ya benki, na ziada ni mshahara wangu."

Inspekta, aliyekuwa akipita huku na huku, alisimama.

"Na mshahara wenyewe?"

"Mshahara gani, mama? Tajiri alikuwa anatulipa akijisikia. Nimeoa dada wa mtu anayejenga, mimi naleta mikono mitupu? Mara ya kwanza niliposema uongo ule, aliniandalia maji ya kuoga huku anaimba. Baadaye sikuweza kurudi nyuma. Sasa ameapa mbele ya hakimu kwa ajili yangu, amegombana na nduguye kwa ajili yangu. Ningemtazama vipi?"

Alisaini maelezo yake.

Mkewe alikuwa kwenye benchi la nje, mtandio umemteleza begani. Inspekta aliketi kando yake, akamweleza yote bila kupunguza. Mama yule alisikiliza, macho yakiwa sakafuni.

"Kwa hiyo kaka alikuwa anasema kweli," alisema mwishowe. "Bado mmemfungia?"

"Karatasi zake za kuachiwa zinaandikwa."

"Basi nitamngoja. Sijui nitamwambia nini, lakini nitamngoja."