Pikipiki Iliyokula Mtamba

Kwanza zilisikika bidoni za maziwa zikigongana, bila muungurumo wowote wa injini. Gikundiro akaacha kufagia ua wa mumewe pale Luvungi. Ndipo kaka yake, Ndahiro, akatokea juu ya pikipiki mpya ya umeme, kimya kama paka.

"Unasikia? Hakuna kelele, hakuna esansi ya kutia!"

Gikundiro akacheka, akamletea uji. Kisha akauliza, "Yaya, kaka yangu, na mtamba wangu?"

Ndahiro akatazama chini. Alikuwa amemuuza ili anunue pikipiki hiyo.

Watu wa milimani wanajua, wengine nisikilizeni. Binti akiolewa kwa ng'ombe, kwao humrudishia mtamba kutoka uzao wa mahari. Mtamba huyo akiingia zizini kwa mumewe, mke ana heshima yake, na akijifungua ana maziwa yake. Gikundiro alikuwa mjamzito.

"Weye ngoja tu. Kwa faida ya maziwa ninayouza Uvira nitakuletea wawili. Kampuni ya pikipiki imeahidi," Ndahiro akamwambia.

Naam, iliahidi! Ukutani mwa duka lao pale Kimanga, mjini Uvira, walibandika picha kubwa: pikipiki inapanda mlima na bidoni mbili, na chini yake maneno haya: Chaji moja, Luvungi hadi Uvira na kurudi. Batiri ikichoka, tunabadilisha siku hiyo hiyo.

Msimu haukuisha. Karibu na Sange, jua la tambarare likichoma, pikipiki ikazimika. Ndahiro akaisukuma mpaka jasho likamwingia machoni. Maziwa yakaharibika, na wateja wa Uvira wakanunua kwa wengine. Safari iliyofuata, vilevile. Akaenda dukani akiwaka, kudai batiri nyingine.

"Garanti haihusu joto, mizigo, wala barabara mbovu," Basile, muuzaji, akamjibu bila kuinuka kitini.

"Basi mulitengenezea nani? Malaika?" Ndahiro akaonyesha ukutani. "Na huyu iko anabeba nini? Maua?"

"Ile iko picha ya publisite, ya kuita wateja tu, mukubwa."

Tu! Ndugu zangu, hiyo "tu" ndiyo iliyommeza mtamba. Wasituambie kwamba hawakuijua mizigo yetu. Waliijua, maana waliichora!

Huko Luvungi, mama mkwe, Béatrice, hakumwonea Gikundiro huruma.

"Mukamwana, nasikia ng'ombe yenu inakulaka kurenti ya umeme. Sasa tukamue wapi, ku waya?"

Ua mzima ukacheka. Na Gikundiro, binti wa wafugaji, alipojifungua, maziwa ya kumrudishia nguvu yaliombwa kwa jirani.

Funzo

Usitoe mali inayopumua kwa ahadi iliyogandishwa ukutani. Sikatai umeme, nakataa uongo. Chombo kijaribiwe kwanza kwenye barabara yetu, kwa mzigo wetu, chini ya jua letu, na anayekiuza atie saini mbele ya mashahidi. Nanyi mnaovitengeneza, msituuzie picha: sisi hatupandi picha. Tena, vijana wenzangu, mali ya dada si mtaji wa kaka.

Ndahiro aliyajua hayo siku alipofika kumwona mtoto. Pikipiki ilibaki kwao, kuku wanalala juu yake. Alikuja kwa miguu, akasimama katikati ya ua ule ule uliocheka, akasema kwa sauti ili Béatrice naye asikie:

"Gikundiro, mudogo wangu, ndama jike wa kwanza atakayezaliwa kwetu ni wako. Minye mwenyewe nitamswaga kwa fimbo, kwa miguu yangu, mpaka hapa mlangoni kwako."